Akala Mpya za Mama Wayua

Mbula wa Ngoliba alikuwa mcheza ngoma tangu usichana wake, na sasa binti yake Wayua alikuwa anaolewa Ruiru. Bibi harusi aingie kwa wakwe bila mama yake kucheza? Afadhali harusi ingoje. Lakini kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimewalalia wenzake, na ubavuni pa kidole hicho pameota nundu iliyomtesa kila hatua.

Akaenda hospitali, akapasuliwa. Daktari alimweleza kwamba amechonga mfupa na kushona kano upya, hivyo kiungo kitalegea kwa muda. Kidole hakitasukuma ardhi kwa nguvu za zamani, ila kikishikwa vizuri mguu utatulia. Mbula alisikia kulegea tu, mengine yakampita.

Jeraha likapona, kidole kikanyooka. Lakini akitembea aliyumba, na kidole kilichezacheza kama jino la mtoto. Siku moja amebeba kuni, ukanda wa mzigo kwenye paji la uso na mgongo umeinama, akaanguka kifudifudi mbele ya nyumba yake. Alilia kwa uchungu. Aliamini kisu kimemnyima harusi ya mwanawe.

Mumewe Muthoka, fundi wa akala, viatu vya tairi, mjini Thika, alimwinua kwanza. Kisha akaokota kiatu kilichomtoka, akakigeuza, akaukagua ukanda. Mazoea yana taabu. Miaka yote alimkatia mkewe tairi pana upande mmoja na kuuacha ukanda mlegevu ili nundu ipate nafasi, na alipotoka hospitali akamvisha akala zilezile. Nundu imekwenda, nafasi imebaki, kidole kinaelea humo.

"Mama Wayua," akasema, "mimi nimeshonea hiyo nundu miaka yote. Wewe mwenyewe nilikusahau."

Mbula akacheka na machozi yangali mashavuni. Akakanyaga kipande kipya cha tairi, Muthoka akachora kwa chaki kuuzunguka mguu, akakata akala mpya, ukanda akaukaza juu ya kiungo.

Harusini hakuruka. Mambo ya kuruka yalikuwa yamekwisha, naye alijua. Alikanyaga chini kwa kishindo, mabega yakitetemeka, mpaka wakwe wa Ruiru wakaacha sahani zao wakaja kutazama. Furaha ilimjaa pomoni. Wayua akamsogelea, akamwuliza polepole kama mguu haumsumbui.

"Hausumbui," Mbula akamjibu bila kusimama. "Baba yako ameushika."