Ndege Iliyokataa Kuruka Kigwa

Hitima ya marehemu Yahaya Mabruki ilipokwisha kusomwa na masinia ya pilau kuondolewa, wanaume walibaki barazani wakizungumza polepole, kama watu wasiotaka kuwa wa kwanza kuaga. Ndani, nyuma ya pazia, mjane wake Batuli alikuwa amekaa mkekani pamoja na wanawake wenziwe wa Gongoni. Aliisikia sauti ya mdogo wake, Saidi, ikipanda juu ya sauti nyingine zote.

"Ile ndege mnayoiona imening'inia pale," Saidi alikuwa akisema, "siku ile Kigwa ingetoa roho ya mtu. Bila mimi, wallahi, ingetoa roho ya mtu!"

Batuli aliinamisha kichwa na kuufunika uso kwa upande wa khanga. Wanawake walidhani analia, na mmoja akamshika bega. Kumbe alikuwa anazuia kicheko, kitu ambacho hakutazamia kukiona tena kabla eda haijaisha.

Yahaya alikuwa fundi redio. Tabora nzima ilijua kibanda chake, kwa sababu asubuhi kilikuwa na redio tano zinazosema kwa pamoja, na yeye katikati yao, kofia imerudi kisogoni, anasikiliza ipi inakoroma. Babu yake alikuja Unyanyembe na mzigo wa pembe kichwani, akaugua miguu, akaoa, akabaki. Yahaya alipenda kusema kwamba ukoo wao umechoka kutembea, sasa umebaki kuruka tu.

Ndege aliipata kwa mwalimu wa Kikanada aliyekuwa akifundisha fizikia mjini. Haikuwa ndege ya kupanda mtu. Mabawa yake yalienea kiasi cha mikono miwili ya mtu mzima, na uzito wake ulikuwa kama wa kuku wa kienyeji aliyeshiba. Ilikuwa na injini ndogo iliyokunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na iliongozwa kutoka chini kwa kisanduku chenye antena, mawimbi yakipita hewani kama ya redio. Mwalimu alimfundisha Yahaya kuirusha, na mkataba wake ulipokwisha akamwachia yote: kisanduku, madebe ya mafuta, na ndege yenyewe ikiwa imevunjika mkia.

Mti mwepesi wa kutengenezea mkia haukupatikana, maana miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Yahaya akachonga mkia mpya kwa mninga, akaukwangua mpaka ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Hata hivyo mninga ni mninga. Mkia ulikuwa mzito, na ndege yenye mkia mzito, alimweleza mkewe, inainua pua, inakosa upepo, kisha inaanguka popote inapotaka. Ilibidi pua nayo iongezewe uzito. Alichukua vipande vya risasi kutoka betri mbovu ya gari, akavipanga ndani ya pua, akavigandisha kwa nta ya nyuki. Gundi ya dukani haikuwepo, ila nta! Mjomba wa Batuli alikuwa mrina asali, na nta nyumbani mwao ilikuwa nyingi kuliko chumvi.

Kuirusha ndege ile ilikuwa kazi ya watu wawili, na mtu wa pili alikuwa Batuli. Kila mara kabla haijaruka walifuata utaratibu wao. Kwanza Batuli aliinyanyua kwa vidole viwili tu, kimoja chini ya kila bawa, mahali palipotiwa alama ya penseli. Ikitulia mlalo, pua ikiinama kidogo kama mtu anayeitikia salamu, ilikuwa sawa. Kisha walikagua mipira iliyoshikilia mabawa, ambayo Yahaya aliikata kutoka tyubu ya baiskeli na kuitupa mara inapoanza kupasuka. Mwisho Batuli alisimama na ndege, naye Yahaya akaenda mbali na kisanduku chake, antena ikiwa imekunjwa ili ajue mawimbi yanafika hata yakiwa dhaifu, akawa anachezesha usukani wa mkia. Mkia ukienda kulia, Batuli aliinua upande wa kulia wa khanga yake. Ukienda kushoto, upande wa kushoto. Majirani walizoea kumwona katika uwanja wa mpira akipunga khanga kama mtu anayemwita mume aliyekasirika.

"Mama Maua, umenionyesha kushoto!" Yahaya angepiga kelele kutoka huko.

"Nimekuonyesha ulichokifanya, Baba Maua! Kama umekosea wewe, mimi nikusitiri?"

Yahaya alikuwa mcheshi kwa mambo yote isipokuwa utaratibu ule. Alisema bismillahi kwa kila hatua, na kama hatua moja ilikataa, alikunja vitu vyake akarudi nyumbani bila manung'uniko. Propela iliwahi kumkata kidole mpaka mfupa. Alikuwa akikionyesha kidole hicho kwa mtu yeyote aliyemwambia kwamba kile ni kichezeo tu cha Wazungu.

Basi mwaka mmoja, watu wakiwa wamekwisha kuhamia katika vijiji vya ujamaa, Saidi alikuwa katibu wa kijiji kimoja karibu na Kigwa. Walikuwa wanafungua zahanati, na mgeni rasmi angetoka mkoani. Saidi, ambaye tangu utotoni mdomo wake ulitangulia miguu, aliwatangazia watu kwamba siku hiyo kijiji kitarusha ndege yake. Hakusema ni ya nani wala ina ukubwa gani. Ndipo akapanda treni kuja Tabora kumwomba shemeji yake.

"Shemeji, usiponisaidia, mimi kule si mtu tena," alisema. "Wazee wamekwisha kunibeza kwamba maneno yangu ni upepo. Nimeapa mbele ya mkutano."

"Uliapa kwa ndege ya mtu mwingine?"

"Nimeapa kwa ndege ya shemeji yangu. Mali ya shemeji ni ya nani?"

Yahaya alicheka, akakubali, kwa sharti kwamba watu wote wakae upande mmoja wa uwanja nyuma ya kamba, na uwanja wenyewe ubaki mtupu. Saidi akaahidi kamba na mgambo.

Walifika Kigwa siku moja kabla, wakalala kwa yule mjomba wa Batuli. Asubuhi, jua likiwa bado changa, walifanya utaratibu wao wote nyuma ya nyumba, na kila hatua ilikubali. Yahaya akaiweka ndege kivulini chini ya paa la shule, akaifunika kwa kitenge.

Sherehe ilipangwa ianze asubuhi. Lakini mgeni rasmi alichelewa, ikawa ngoma ya manyanga inachezwa, inapumzika, inachezwa tena. Ulikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua, jua la Unyamwezi likimwagika kama maji ya moto. Yahaya akaenda kuswali adhuhuri. Ndipo Saidi, kwa mapenzi yake, akaona haifai fahari ya kijiji ijifiche chini ya kitenge. Akaitoa ndege, akaiweka juu ya meza mbele ya jukwaa, na ili ipendeze akaiegemeza kwenye ngoma kubwa, mkia chini na pua juu, kama inayopaa kwenda mbinguni. Watu walipanga foleni kuitazama, naye Saidi akisimama pembeni kama baba wa bwana harusi.

Yahaya aliporudi na kuikuta pale, alikwenda moja kwa moja mezani. Akaishika rangi nyekundu ya pua, akaondoa mkono haraka. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kufika, hotuba zilikuwa zinaelekea mwisho, na watu walikuwa wameanza kuivuka kamba ya katani.

"Twende kandoni, Mama Maua," alisema. "Tuanze upya."

"Si tulikagua asubuhi?"

"Asubuhi ilikuwa asubuhi."

Batuli akaiinua ndege kwa vidole viwili, penye alama za penseli. Mara ile ile alilijua jibu. Pua haikuinama. Mkia ulishuka taratibu, kwa uzito wa kitu kilicholala, na ndani ya tumbo la ndege akasikia risasi ikiteleza. Nta ilikuwa imelainika kwa joto, na kwa kuwa ndege iliegemezwa pua juu, uzito wote ulikuwa umeshuka nyuma.

Yahaya alikuwa amemgeuzia mgongo, anafungua kisanduku chake. Hakuona. Batuli alimwona Saidi upande wa pili wa uwanja, suruali imepigwa pasi, anamwonyesha mgeni rasmi kwa kidole: pale, pale ndipo itakaporuka. Alimlea mtoto yule mgongoni. Alijua wazee walivyombeza, alijua pia atakavyolala usiku huo kama ndege haikuruka. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifikiri kwamba huenda ingeruka tu, kwamba Yahaya ana mkono mwepesi. Kisha akawaona akina mama wa kijiji waliokwisha kuivuka kamba na kukaa chini uwanjani, wengine wananyonyesha.

"Baba Maua," alisema. "Mkia umeshuka."

Yahaya aligeuka. Akaweka vidole vyake mwenyewe chini ya mabawa, akahisi. Hakuuliza nani aliiweka juani. Alikifunga kisanduku, akaufungua mpira mmoja wa bawa, kisha wa pili, na bawa likatoka. Hapo kila mtu uwanjani alielewa.

Saidi alikuja mbio. "Shemeji! Unafanya nini? Mgeni anangoja!"

"Leo hairuki."

"Hata mara moja? Ipande kidogo, ishuke! Ipite tu juu ya minazi, basi!"

"Minazi iko wapi Kigwa?" Yahaya alisema. "Saidi, chukua hasira zako zote unipe mimi. Watu wakipatwa na kitu, siwezi kuwarudishia uzima."

Mzee mmoja wa kijiji aliyeitwa Jilala, naye mrina asali, mwenye ulimi mkali, akapaza sauti ili wote wasikie. "Katibu! Ndege yako imekula ugali ikalala?" Uwanja mzima ukacheka. Mwingine akasema labda inangoja kuku wenzake waende bandani. Saidi alisimama katikati ya vicheko vile.

Yahaya ndiye aliyetembea mpaka mbele ya jukwaa, ndege bila mabawa ikiwa kwapani, akamwamkia mgeni rasmi na wazee. "Shikamooni. Mimi ndiye fundi," alisema. "Katibu wenu ametimiza ahadi yake, ndege ameileta. Aliyeshindwa ni mimi. Nimeweka nta mahali pa kuweka gundi, na jua la kwenu limeiyeyusha. Kama mna neno la kunicheka, nichekeni mimi, nimekuja na treni na nitaondoka nayo."

Walimcheka kweli. Naye alikuwa akitabasamu na kujipangusa jasho. Mgeni rasmi alifungua zahanati, akala, akaondoka. Saidi hakuwasemesha mpaka jioni, na alipowasemesha ilikuwa kumwambia dada yake kwamba angeweza kunyamaza.

"Ningeweza," Batuli alimjibu. "Ndiyo sababu nilisema upesi."

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, ubaridi ukiwa bado umeikalia ardhi, Yahaya alikuwa amekwisha kuikwangua nta yote. Vipande vya risasi alivishona kwa waya mwembamba wa redio, akavifunga kwenye ubao ulioshika injini visiweze kwenda popote. Batuli aliinua kwa vidole viwili. Pua ikaitikia salamu. Uwanjani hapakuwa na mtu ila mzee Jilala aliyekuwa anapita na mzinga begani, na Saidi, aliyekuja akijifanya anatafuta kamba yake ya katani.

"Mwangaluka," Jilala alisalimu kwa Kinyamwezi, akautua mzinga chini. "Imeamka?"

"Kaa hapa nyuma yangu, mzee, utaiona."

Khanga ilipanda kulia, ikapanda kushoto. Yahaya alisema bismillahi, akazungusha propela, injini ikalia kama nyuki wa mzinga mzima. Ndege ilikimbia juu ya umande, ikanyanyuka, ikaizunguka zahanati mpya kwa utulivu, jua la kwanza likiipiga tumboni. Jilala alivua kofia. Saidi alisahau kununa, akawa anakimbia chini yake huku ameinua mikono, mpaka Yahaya akampigia kelele atoke uwanjani kabla hajaishusha.

Jilala ndiye aliyeisambaza habari, na mrina asali anafika kila kijiji. Miaka ilivyokwenda, hadithi ikabadilika mdomoni mwa Saidi. Kwanza alisema alikuwepo. Baadaye akasema alishuku. Sasa, mbele ya jamaa wote waliokuja kwenye hitima, alikuwa amefika mbali zaidi.

"Mimi ndiye niliyeuhisi ule mkia mzito!" alisema huko barazani. "Nikamwambia, shemeji, simama. Au siyo, dada?"

Wote wakaligeukia pazia, wakingoja jibu. Batuli alivitazama vidole vyake viwili mapajani. Marehemu angekuwepo angekwisha kucheka kitambo, kofia kisogoni.

"Ndiyo, Saidi," alisema. "Na wewe ndiye uliyeiegemeza kwenye ngoma."

Barazani mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, na cha Saidi mwenyewe ndicho kilichokuwa kicheko kirefu kuliko vyote, mpaka kikabadilika katikati, kikawa kilio. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipopata pumzi alisema kwa sauti ndogo, "Haya, jamaa. Tumsomee tena Fatiha."

Wakamsomea.