Mitungi ya Kuazima

Ni mimi niliyewapigia simu zimamoto. Nilikana kwa binti yangu, nikakana kwa mume wake, nikakana mbele ya kikao cha familia kilichoitishwa kijijini Magamba kwa ajili hiyo. Niliapa kwa kila kitu isipokuwa msahafu, maana hata mwongo ana mipaka yake. Kuanzia msimu wa peasi mpaka baridi ya Julai, mtu akiniuliza nilijibu kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia chuo kikuu nilipokuwa sijasoma kitabu: "Suala hilo lina pande nyingi."

Halina. Lina upande mmoja tu, nao ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Jengo lenyewe lina ghorofa mbili, juu kidogo ya soko la Lushoto. Chini kuna maduka ya mbegu na dawa za mimea. Ghorofa ya kwanza nimekodi chumba ninamohariri tasnifu za watu na kuandika makala ambazo jamaa zangu husema wamezisoma. Juu kabisa yuko fundi cherehani na wasichana anaowafundisha kushona. Mwenye jengo ni baba wa mkwe wangu, yaani binti yangu kaolewa na mwanawe. Kwa hiyo yeye ananiita mkwe, nami namwita mkwe, na kwetu wakwe hawabishani. Wanasalimiana kwa macho ya chini, wanapelekeana mikungu ya ndizi, na mwenye jambo zito humtuma mtu wa kati. Mpangaji wa kawaida anaweza kugombana na mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nalipa kodi kama wengine, ila haki ya kugombana sikupewa.

Ukilitazama jengo kwa haraka, halikukosa kitu. Nyuma kuna banda lenye jenereta. Kila ghorofa ina mtungi wa kuzimia moto ukutani, na ngazi za nyuma zenye mlango kila ghorofa, za kukimbilia pakitokea hatari. Sasa tazama taratibu. Jenereta halikuwa na betri, kwa sababu betri ilikuwa ndani ya Noah ya mkwe, gari lake la kubebea watu wa harusi. Ya Noah yenyewe ilikufa, na harusi hazingoji. Mishale ya mitungi ilikuwa imelala kwenye nyekundu, yaani haina nguvu ya kuzima kitu, tangu sijahamia. Na ngazi za nyuma, kwa kuwa hazipati jua na zina baridi nzuri, zilijazwa kabichi zinazosubiri lori la Dar es Salaam. Ili kabichi zisiibwe, mlango wa juu ukapigwa kufuli. Tulikuwa na jengo ambalo kabichi zina mlinzi na binadamu wana Mungu.

Umeme ukikatika, na jenereta likiwa sanamu, fundi huwasha pasi ya mkaa. Angefanyaje? Wazazi wanataka sare, shule zinafunguliwa. Basi siku moja ya gulio umeme ukakatika asubuhi, pasi ikawashwa, na kaa likadondoka kwenye rundo la vitambaa.

Nilisikia miguu ikikimbia juu ya kichwa changu. Nikapanda mbio, nikachomoa mtungi ukutani, na nikafanya kile ambacho msomi hufanya: nikasoma maelekezo. Niliyasoma yote, na ya Kiingereza pia. Nikavuta pini, nikabana mkono. Mtungi ukakohoa mara moja, ukatema vumbi kidogo, ukanyamaza. Fundi alikuwa tayari amemwaga ndoo ya maji, na wasichana wakamwagia sufuria la uji juu yake. Moto ukazimika.

"Mwalimu," akaniambia fundi, akihema. Huku kila aliyesoma ni mwalimu, hata kama hajawahi kushika chaki. "Maandishi yalisemaje?"

"Yalisema tutulie."

Akacheka, akajifuta macho yaliyowashwa na moshi. Lakini kuna msichana mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa bado anausukuma ule mlango wa nyuma kwa viganja vyote viwili. Moto ulikuwa umekwisha, naye aliendelea kusukuma, mpaka fundi akaenda kumshika mabega.

Nikamtuma mkwe wangu, mume wa binti yangu, akaseme na baba yake. Akarudi kesho yake na adabu zake zote.

"Baba anasema poleni sana, mama. Anasema pia fundi aache kutumia mkaa."

"Atumie nini?"

"Umeme."

"Ukikatika?"

"Si jenereta lipo, mama."

Alisema hivyo bila kucheka, na ana shahada. Alipoondoka nilifunga mlango wa chumba changu, nikafunga na dirisha, nikapiga simu. Nilibadilisha sauti, jambo ambalo nilidhani naliweza. Nikaeleza mitungi na kufuli ya jengo letu, aliyepokea akauliza jina. Nikasema, mwananchi mwema. Akauliza, "Mwananchi mwema wa ghorofa ya ngapi?" Nikakata.

Ukaguzi ulitangazwa mapema, kama mgeni anavyotanguliza habari ili mchinje kuku. Asubuhi ya siku hiyo ikaja bodaboda, nyuma imefungwa kwa mpira mitungi ya kuzimia moto, mipya, myekundu, inang'aa. Ilitoka kwenye nyumba ya wageni barabara ya chini. Betri ilichomolewa kwenye Noah, jenereta likanguruma mpaka vioo vikatetemeka. Kabichi zikahamishiwa chumbani kwangu, kwa sababu mimi ni familia.

Huku kwetu tunaazimana. Harusi ikikaribia tunaazimana masufuria, mikeka, viti, hata mjomba anayejua kuzungumza. Ni desturi nzuri na mimi mwenyewe nimekula pilau nyingi za masufuria ya kuazima, nazo zilikuwa tamu. Lakini sufuria la kuazima linapika kweli. Mtungi wa kuazima unamzima mkaguzi peke yake, na jioni unarudi kwa mwenyewe, na wasichana wa juu wanabaki na ndoo yao. Nilikaa kati ya kabichi nikichungulia dirishani.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Alikwisha kuona mitungi, akasikia jenereta, akaridhika. Alikuwa mlangoni anaagana na mkwe pale bodaboda yule yule aliporudi.

"Shikamoo mzee. Nimeagizwa nichukue ile mitungi. Kule nako wanakaguliwa mchana."

"Mitungi gani?" akauliza mkaguzi.

Kijana wa bodaboda akaiona sare. "Ya gesi, afande."

"Hebu nionyeshe."

Mkwe alikuwa ametazama mlimani kana kwamba ameona mvua inakuja. Mkaguzi akapanda tena juu, safari hii bila kukaribishwa, akaushika mlango wa nyuma akautikisa. Ufunguo ukatafutwa mpaka ikaonekana hautapatikana. Akaagiza: mitungi inunuliwe, betri ikae kwenye jenereta, kufuli itoke, la sivyo jengo lifungwe.

Unadhani kikao cha Magamba kiliitwa kujadili kufuli? Kiliitwa kumtafuta aliyepiga simu. Mjomba mmoja, akihama kutoka Kiswahili kwenda Kishambaa ili hasira itoshe, akasema ndani ya jengo kuna nyoka. Nikaulizwa, kwa heshima tu. Nikajibu kwamba suala hilo lina pande nyingi, nikanywa chai. Hakuna aliyeweza kufikiri kwamba mtu angemshtaki mkwe wake. Basi wakafika walikotaka kufika: moto ulikuwa wa fundi, kwa hiyo na simu ilikuwa ya fundi.

Mitungi ikanunuliwa, na watu wakampongeza mkwe kwa moyo wake wa kujali. Betri ilikaa mpaka harusi iliyofuata. Kufuli ikakatwa, na baada ya wiki chache ikaja nyingine pamoja na kabichi, na ufunguo wake nao ukapotea. Na fundi akapewa notisi ya kuhama.

Alishuka chumbani kwangu akaniambia akiwa amesimama.

"Wanasema niliwaita zimamoto."

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia hata vocha sina." Akanitazama kidogo. "Mimi sikuulizi kitu, mwalimu. Ila wasichana wangu nitawapeleka wapi?"

Alipopanda ngazi nikashika simu. Simu ni neema kwa wakwe, haina macho.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba, mkwe. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ni mimi."

"Najua, jina lako limetokea."

"Ni mimi niliyewapigia zimamoto. Fundi hakupiga."

Nikasikia jogoo upande wake, na mtu akipasua kuni.

"Kwa hiyo umenikosea, mkwe."

"Nimesema ni mimi. Sikusema nimekosa."

Nilimfikiria binti yangu, anayepika kwenye jiko la nyumba ile.

"Binti yako anajua?"

"Hajui. Nimemdanganya kama nilivyowadanganya ninyi."

"Basi fundi abaki," akasema hatimaye.

"Na mlango?"

"Mlango una kabichi za watu."

"Kabichi zije kwangu. Zimeshazoea. Kufuli itoke leo, mkwe, au napiga tena, na safari hii nataja jina langu na la baba yangu."

Akavuta pumzi. "Nitamtuma mtu mwenye msumeno. Lakini na wewe, siku nyingine ukiona moshi, nipigie mimi kwanza. Tumeoleana."

"Zimamoto ndio kwanza," nikamwambia. "Wewe nitakupigia wa pili."

Akakohoa, au akacheka, sikuweza kujua, na simu ikakatika.