Judo ya Mama, Karate ya Binti

Mama Bilonda alipoingia ukumbini Jumamosi ile na kumkuta bintiye Mujinga amesimama upande wa wanakarate, mkanda mweupe kiunoni kama mtu asiyewahi kukanyaga tatami, yale magodoro ya kuangukia, maishani mwake, alidhani ni mzaha. Akangoja acheke. Mujinga hakucheka. Alikuwa amekunja ngumi, macho mbele, anamfuata mwalimu wa karate, Maître Tshiamala, aliyekuwa akihesabu kwa Kijapani chake cha mtaa wa Dilala.

"Mujinga! Kuya huku, tunaanza."

"Mama, leo mi niko huku."

"Huku wapi?"

"Karate."

Wanafunzi wa judo wakaangalia miguu yao. Mama Bilonda akasonya, sauti ikafika mpaka kwenye bati la paa.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mmoja tu. Zamani wafanyakazi wa migodi walikuwa wakichezea dansi humo. Sasa ulikuwa chini ya parokia, na parokia ilikuwa imewapa watu wa judo upande wa dirisha na watu wa karate upande wa mlango, mstari wa chaki katikati. Wa karate walipiga kelele kwa kila ngumi. Wa judo walipiga sakafu kwa kila kuanguka. Kila upande uliuona mwenzake ni kero aliyoletewa na Mungu kumjaribu.

Mama Bilonda alikuwa na haki yake ya kukasirika. Judo aliipata humo humo akiwa msichana, wakati baba yake, mtu wa Kasai aliyeletwa kuchimba shaba, alipomwandikisha ili aache kupigana na wavulana njiani. Kisha ukaja mwaka ule Wakasai walipofukuzwa katika mji huu wa Kolwezi, na yeye na ndugu zake wakalala stesheni wakingoja treni, kimono chake cha judo kikiwa mto wa mdogo wake. Aliporudi Kolwezi miaka baadaye, mume mkononi na Mujinga mgongoni, aliukuta ukumbi umejaa magunia ya mahindi na mavi ya mbuzi. Akaufagia. Tatami alizitengeneza mwenyewe: maranda ya mbao ndani, turubai la lori juu. Sasa mtu akimwambia karate ni sawa na judo, alihisi kama ametukanwa yeye pamoja na turubai lake.

"Judo haidanganyi," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Muntu ameanguka, ao hajaanguka. Bale kule banapiga hewa. Hewa ilimuibia nani telefone?"

Kwake huangushi mtu kabla hujachoka kuingia chini yake. Unakamata kola na mkono wa kimono, unamvuta mwenzako mpaka asimame kwenye vidole, unageuka, unaingiza nyonga chini yake, kisha unamwacha na kuanza upya. Mara nyingi mpaka kola inachanika. Halafu mnapambana kweli, wepesi kwa wazito, bila kuchaguana. Upande wa pili, Maître Tshiamala aliwapanga wanafunzi kwa mistari, akawafanya warudie ngumi moja na hatua moja mpaka mapaja yakatetemeka. Waligusana kwa nadra. Ngumi ilitakiwa kusimama unywele mmoja kabla ya pua, na aliyeshindwa kuisimamisha alikaripiwa zaidi kuliko aliyeshindwa kuipiga.

"Munakumbatiana kama bantu ba ndoa," Tshiamala alipenda kusema, na Mama Bilonda hakuwahi kuona kinachochekesha.

Tangu Mujinga ana miaka saba, yeye ndiye mama yake aliyemtumia kuonyesha. Kila mbinu mpya, Mujinga aliitwa mbele. Hakuna aliyeanguka kama yeye: mwepesi, mkono unapiga sakafu kwa wakati wake, anasimama kabla vumbi halijatua. Sasa Mama Bilonda alilazimika kumchukua Mechack, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Musonoi, mtu mwenye kifua kama pipa. Mechack alikuwa mtiifu, lakini kila alipohisi miguu inaondoka chini alimkumbatia mwalimu wake shingoni kama mtu anayezama. Wakaanguka wote wawili. Wanafunzi wakacheka. Mgongo wa Mama Bilonda haukucheka.

Alimkamata Tshiamala mlangoni.

"Maître, umeniibia mutoto."

"Mama Bilonda, mutoto ni mbuzi? Yee mwenyewe njo alikuya. Nilimuuliza kama umekubali, akaniambia yee ni mukubwa."

"Na weye ukakubali!"

"Anasoma uuguzi, anachoma bantu sindano. Mi nitamukataza kukunja ngumi?"

Nyumbani hakupata nafuu. Mumewe, Tata Kabeya, alikuwa mtu wa kumega tonge la bukari polepole wakati nyumba inaungua. "Muache tu," akasema, akachovya kwenye mchuzi wa sombe. Mama Bilonda akamgeukia binti.

"Ile karate iko na nini yenye judo haina?"

Mujinga alifikiri. "Kule hakuna muntu ananishika."

Mama yake alilisikia jibu lile kama utovu wa adabu, akatoa vyombo mezani kabla watu hawajashiba.

Yakaja mashindano ya karate, katika ukumbi wa shule moja mjini. Mama Bilonda aliapa hataenda. Siku yenyewe alikuwa na safari ya sokoni, na safari hiyo, sijui kwa njia gani, ikapitia mlango wa shule. Akaketi nyuma kabisa, kapu la mihogo magotini.

Kwanza zilikuwa kata, yaani mapigo na kinga zinazopangwa kwa mfuatano, ambazo mtu hufanya peke yake dhidi ya maadui wasioonekana. Mama Bilonda alikuwa amejiandaa kuchoka. Mujinga akaingia, akainama, akaanza. Aligeuka pale katikati ya ukumbi mtupu, akashuka akikunja magoti, ngumi ikatoka na kukatika kama tawi kavu, kisha mwili ukanyamaza, kama maji yaliyosimama. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo mama yake hakuwa ameiona kwa muda mrefu, na jambo hilo, badala ya kumfurahisha, lilimuudhi zaidi.

Kisha pambano. Mpinzani alikuwa msichana wa Musonoi, Falonne, mwenye miguu mirefu. Kanuni ilikuwa ile ile: gusa, toka, usishike. Mujinga alirudi nyuma, akapiga, akatoka, akapata alama. Falonne akakasirika, akaja kwa mbio, mkono mbele. Mkono ule ukapita karibu na sikio la Mujinga, na vidole vya Mujinga vikaukamata kabla kichwa chake hakijapewa habari. Nyonga ikaingia. Falonne akaruka juu, akazunguka, akatua chali, huku Mujinga akimshikilia mkono ili kichwa kisigonge chini, kama alivyofundishwa.

"Ippon!" Mama Bilonda alikuwa amesimama, mihogo imetawanyika sakafuni. Katika judo neno hilo humaliza mchezo: umeshinda.

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mwamuzi hakucheka. Akapunga mikono, akamwonya, na Mujinga, aliyekuwa amekwisha kuonywa mara moja kwa kushika nguo, akatolewa mchezoni. Falonne akainuka mzima, akijipangusa, akitaka kujua nini kimetokea. Mujinga hakuangalia waamuzi. Alimwangalia mama yake.

Mama Bilonda alimkuta binti nje, nyuma ya ukuta, analia kwa hasira.

"Muzuri sana, mutoto yangu. Bale babovu hawajui—"

"Mama, nyamaza!"

Mama Bilonda, kwa mshangao tu, akatua kapu chini.

"Nimeshindwa juu yako. Ile bitu yako iko mu mikono yangu, sijue namna ya kuitoa. Toka niko mudogo, mi njo wa kuanguka. Batoto ya bantu banakuya kujifunza kuangusha, na mi najifunza kuanguka. Haukuniulizaka hata siku moja kama ninataka."

"Nilikuchagua juu weye njo unaanguka muzuri kupita bote."

"Unasikia ile unasema, mama?"

Aliisikia. Hakutaka, lakini aliisikia. Waliondoka kwa pikipiki moja ya taxi-moto, Mujinga katikati, kapu mgongoni mwa mama, malori ya madini yakiwapita na kuwamwagia vumbi jekundu.

Juma zima Mama Bilonda alikuwa haongeleki. Alimkasirikia mwamuzi, akamkasirikia Mechack, akamkasirikia Kabeya kwa kuwa na amani. Alijaribu kukumbuka siku moja aliyomuuliza mtoto, "Leo unataka?" Hakuikumbuka. Mwishowe akavuka mstari wa chaki, akiwa na maneno makali tayari, akamkuta Tshiamala amekaa kwenye benchi, kichwa mikononi.

"Mama Bilonda, huyu mutoto atanimaliza. Miguu yake ni ya muzuri kupita bote. Lakini muntu akimusogelea, anamukamata kama mama wa soko mwenye kukamata muteja. Anahitaji muntu wa kumusogelea kila siku, karibu-karibu, mpaka mikono isahau. Banafunzi yangu banamuogopa. Banajua bataruka kama Falonne."

"Na unaniangalia hivyo juu ya nini?"

"Nani hamuogopi?"

Mama Bilonda akavuka mstari kurudi upande wake, maneno yake makali bado mdomoni. Jioni ile alimkuta Mujinga anafua gauni lake la uuguzi, akasimama pembeni, akikanda kiuno.

"Mujinga, mi naomba kukuuliza kitu. Maître anasema unahitaji muntu wa kufanya naye. Mi naweza. Kama hautake, sema hapana, mi sitakasirika."

Mujinga aliendelea kusugua kola. Hii ilikuwa ahadi ngumu kuamini.

"Kesho asubuhi," akasema. "Lakini usinishike."

"Sitakushika."

Asubuhi, uani kwao, ngumi ya kwanza ilipotoka, Mama Bilonda aliikamata, na nyonga yake ilikuwa imekwisha kugeuka.

"Mama!"

"Mukono imeenda yenyewe!"

"Njo ile ilinipata mu mashindano!"

Tata Kabeya akaleta kiti, akaketi mlangoni na chai yake, akacheka mpaka akamwaga. Mama Bilonda akamwambia afunge mdomo. Akaichomeka mikono ndani ya mkanda wa kitenge, akaambiwa haifai, aitoe, mpinzani wa kweli ana mikono. Akaitoa. Ngumi ikasimama mbele ya pua yake, akafumba macho.

"Usifunge macho."

"Nani amefunga?"

"Na mguu ya kushoto, mama. Uko karibu sana. Rudisha."

Sauti ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe, ile ya ukumbini, isiyo na subira hata tone. Bado aliamini karate ni kupiga hewa. Alisonya, akatazama mguu wake, akaurudisha.