Seli Zilizotetemeka

Shangazi yangu alianza na cherehani za majirani. Siku hizi anatengeneza vifaa vya maabara ya utafiti wa dawa, na ole wako umwite msaidizi. Yeye ni fundi.

Juzi daktari mtafiti alimwita haraka. Seli alizozitia dawa mpya zilikuwa zinatetemeka chini ya hadubini. Alikuwa ameshaandika kurasa kumi na mbili kuhusu mtetemeko huo, ila picha zilikuwa hazitoki vizuri.

Shangazi hakugusa hadubini. Aliweka glasi ya maji mezani, akamwambia daktari aendelee na kazi. Maji yakaanza kucheza.

"Hebu simama, daktari wangu."

Akasimama. Maji yakatulia, na seli nazo zikatulia tuli.

"Haya, kaa."

Akakaa. Mguu ukaanza kuchezacheza kama kawaida yake, goti likigonga meza, na seli zikaanza upya.

Shangazi akatia upepo kidogo kwenye mpira wa ndani wa tairi, akaukalisha chini ya hadubini ili umeze mtetemeko. Kisha akajaza fomu ya matengenezo: "Sehemu mbovu: goti la daktari. Vipuri: havipatikani."