Marehemu Anaomba Sukari

Zamani mtu aliandika kitabu kwanza, ndipo watu wakamwita mwandishi. Siku hizi anaitwa mwandishi tangu asubuhi, na kitabu kitakuja kikipata nafasi.

Hivyo ndivyo mzee msahihishaji alivyowaza kila alipopita mbele ya chumba cha wageni, ambamo mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alikuwa amejifungia tangu mwaka uliopita. Mlangoni ilibandikwa karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Saa mbili hadi saa sita: kurekebisha riwaya. Saa sita hadi saa nane: kupumzisha akili. Saa nane hadi saa kumi: barua za kazi ya uandishi. Saa kumi hadi saa kumi na mbili: familia. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: Cherehani isilie kabla ya saa sita.

Familia saa mbili kwa siku, kama dawa ya kikohozi.

Cherehani yenyewe ilikuwa ya marehemu mke wa mzee, na ndiyo iliyowalisha wote wanne nyumbani humo, mjukuu akiwemo. Binti alishona sare za shule. Kwa kuiheshimu ile karatasi aliihamishia barazani, na siku mvua ya upepo iliponyesha alivua koti lake akaifunika, yeye akabaki analowa. Mzee alimwona kupitia dirishani. Akasonya, kisha akaenda kuusonya na mlango wa chumba cha wageni.

Alikuwa na haki ya kusonya. Yeye shule aliiacha darasa la nne. Aliingia kiwanda cha chapa akiwa mfagiaji, na kusoma hasa alijifunzia sakafuni, akiokota herufi za chapa, za madini ya risasi, zilizodondoka na kuzirudisha kwenye visanduku vyake, moja moja, zote zimegeuka kama sura kwenye kioo. Akasoma kila kilichopita mikononi mwake: kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, sheria za mirathi, hesabu za seremala, hadithi za mapenzi. Mwaka wa kumi wakampa penseli na kiti. Juu ya kiti hicho alikaa miaka thelathini na mmoja.

Na hawakufanya kazi kama wanavyofanya hawa. Wasahihishaji walikaa wawili wawili, mashine zikinguruma ukutani hadi vikombe vya chai vikatembea mezani vyenyewe. Mmoja alisoma mswada kwa sauti, mwenzake alifuata kwenye karatasi iliyochapwa, penseli mkononi. Alama hawakuzitaja, walizigonga mezani kwa kifundo cha kidole: mara moja mkato, mara mbili nukta, na kofi la kiganja kwa aya mpya. Kosa likiwaponyoka likatokea kitabuni, wawili hao hawakusalimiwa wiki nzima, hata na mfagiaji. Leo mashine inachora mstari mwekundu chini ya neno, mtu anabonyeza, anapiga miayo, anajiita mhariri. Kile kiwanda sasa ni duka la viatu.

Mwanzoni mwa mwezi ikaja barua. Nyumba moja ya uchapishaji, mji wa mbali, safari ya siku mbili, ilitafuta mhariri. Walikuwa tayari kumpa mkwe kazi hiyo pamoja na nyumba ya kukaa, kwa sharti moja: mwisho wa mwezi awe amewafikishia riwaya yake imerekebishwa mwanzo hadi mwisho. Asiyeweza kusafisha kazi yake mwenyewe, waliandika, hawawezi kumkabidhi ya wengine.

Mzee aliisoma barua mara mbili akitafuta kosa. Hakuliona. Hapo ndipo alipoogopa, maana watu hawa walijua kazi. Riwaya ikipita, binti na mjukuu wanaondoka, naye anabaki na kuta. Ikikwama, wanabaki.

Itakwama tu, alijituliza. Mtu anayefanya kazi saa nne akapumzisha akili saa mbili, atamaliza nini?

Baada ya wiki moja binti aliketi naye barazani, mapajani ana rundo la kola za kushona.

"Baba, msaidie."

"Nimsaidie nini? Si ana ratiba?"

"Amekwama. Kila siku anarudia sura ya kwanza. Nadhani imefika mara ya arobaini."

"Basi itakuwa sura safi kuliko zote duniani."

"Baba, jamani."

"Mwanangu, yule mume wako ukimwachia chai aikoroge mwenyewe, ataomba likizo."

Binti alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Akakata uzi kwa meno. "Najua alivyo, mimi ndiye ninayeishi naye. Lakini nina miaka thelathini na mitatu, baba, na sijawahi kufunga mlango nikasema huu ni wangu. Hapa ni kwako. Mimi nataka kwangu."

Mzee aliokota kola iliyodondoka, akairudisha juu ya rundo. Kesho yake saa mbili kamili aligonga mlango wa chumba cha wageni, akaibandua ile karatasi, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

"Keti, bwana mwandishi. Soma kwa sauti. Na ugonge."

"Nigonge nini, baba?"

"Mkato mara moja, nukta mara mbili. Aya mpya, kofi."

Mkwe alitabasamu kwa huruma, kama daktari mbele ya mgonjwa mbishi. "Baba, mimi nafanya kazi kwa hisia. Nukta zitakuja baadaye."

"Zimechelewa mwaka mzima. Soma."

Akasoma, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba redioni. Ukurasa wa tatu alikutana na sentensi yake mwenyewe isiyokuwa na pa kugonga. Aliishika, akaishika, uso ukamwiva, akaishia kukohoa.

"Hiyo inahitaji pumzi," alijitetea.

"Inahitaji kisu."

Waliendelea hivyo siku baada ya siku. Mjukuu, msichana wa miaka sita, alijipenyeza chini ya meza akawa anagonga pamoja nao, na mara nyingi yeye ndiye aliyepatia. Cherehani ikarudi sebuleni, ikalia kuanzia asubuhi, na hakuna akili iliyoharibika. Siku ya tano mkwe alisimama katikati ya mstari bila kuambiwa, akasema, "Hapa pamekufa," akakata nusu ukurasa. Mzee hakufurahi hata kidogo. Mpumbavu alikuwa anaanza kujifunza, na kila alichojifunza kilikuwa hatua moja kuelekea kituo cha mabasi.

Zikiwa zimebaki siku nne, walifika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Mkwe akasoma: "Mjomba alivuta kiti," akagonga mara moja, "akaomba sukari," akagonga mara mbili.

Penseli ya mzee ilisimama.

Mjomba huyo alizikwa ukurasa wa sitini na mbili. Alizikwa kwa mvua, jeneza la mninga na hotuba tatu. Mkwe hakustuka, alikuwa ameshapita, anasoma habari za mawingu. Lakini wale walioandika barua isiyo na kosa wangestuka mara moja. Wangeufunga mswada, na jambo lingeishia hapo. Mzee hakuhitaji kusema uongo wala kuficha karatasi. Alihitaji kunyamaza tu. Sebuleni binti alikuwa anashona, ameinama kama mama yake alivyoinama. Chini ya meza mjukuu aliegemeza kichwa kwenye goti la babu yake.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu ukapita. Kumi na nne nao ukapita. Mzee alihisi kama amekaa juu ya sindano. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuliona kosa akaliacha litembee. Kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na tano alipiga kofi mezani mahali pasipokuwa na aya mpya.

"Rudi nyuma. Marehemu anaomba sukari."

"Marehemu gani?"

"Mjomba. Ulimzika mwenyewe. Hotuba tatu."

Mkwe alipekua kurasa, akatoa macho. "Mungu wangu! Nimeisoma mara arobaini!"

"Sura ya kwanza ndiyo umeisoma mara arobaini. Huyu alikufa sura ya nne."

"Babu," sauti ikatoka chini ya meza, "marehemu wanakunywa chai?"

"Kwa baba yako wanakunywa."

Mkwe hakusema asante. Jioni ile mzee alimsikia akimweleza mkewe jinsi alivyomnasa mjomba kwa jicho lake kali. Binti alimtazama baba yake juu ya bega la mumewe. Mzee akaomba sukari.

Mswada ulikwenda kwa wakati. Jibu lilikuja upesi: wamefurahishwa mno na umakini wake, aende akaanze kazi. Mkwe alilisoma kwa sauti mara tatu, na penye neno umakini alijigonga kifuani. Mkato hakuugonga hata mmoja.

Mara ya mwisho mzee kuwaona ilikuwa Jumanne asubuhi, kituo cha mabasi. Mkwe alitangulia, ameukumbatia mswada kifuani kama aliyeuzaa, akibishana na utingo kwamba kazi ya sanaa haiwekwi chini na mabegi. Mjukuu alishika pindo la gauni la mama yake. Binti alikuja nyuma, mkono mmoja umebeba begi la nguo za wote watatu, mwingine umebeba kichwa cha cherehani kilichofungwa ndani ya lile koti. Kwenye ngazi za basi aligeuka ampungie baba yake, na mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa.