Msiba Mbele

Miaka ile mashine za kukoboa za watu binafsi zilipoanza kuingia Kyela, mzee wa mashine pale Talatala alijulikana kwa nyusi zake, nyeupe kwa vumbi la pumba. Hakukoboa mpunga wa mtu kabla hajang'ata punje moja kusikia kama umekauka. Adhuhuri alizima injini, akanawa uso, akaenda kula na wanawe, foleni inung'unike itakavyo. Na akitokea mwenye kufiwa, alipaza sauti kuushinda muungurumo, akimwambia aliyekuwa mbele: "Msiba mbele! Mama, mpunga wako hauna miguu, hautakimbia."

Siku alipofariki yeye, binti yake Ikupa alikuja na mpunga wa kuwapikia waombolezaji. Foleni ilifika barabarani. Aliona haya kupita watu kwa jina la baba, akasimama nyuma kabisa, huku akijua nyumbani masufuria yanasubiri.

"We mtoto!" bibi mmoja akageuka. "Unafanya nini huko? Babako alitufundisha hivyo?"

Gunia likatoka kichwani kwa Ikupa, likapita mkono kwa mkono hadi mbele. Aliyekuwa akifanya kazi na marehemu pale mashineni akalifungua, akang'ata punje moja, kisha akapaza sauti: "Msiba mbele!"

Hakukuwa na wa kuambiwa. Wote walikwisha kusogea. Ikupa akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.