Mama Furaha Kwenye Msalaba wa Soko

Kuna siku moja hainitoki moyoni, mwanangu, na leo nitakusimulia, hata kama utanijibu kwa Kiingereza chako cha hapa Northfield.

Nilikuwa bado msichana, nesi mgeni hapa Birmingham. Kanisa letu lilikodi basi dogo, tukaenda kutembea kijiji kimoja nje ya mji. Katikati ya uwanja palikuwa na nguzo ya mawe yenye msalaba juu na ngazi kuizunguka. Sisi Wakenya tukadhani ni kaburi la askofu, tukapita mbali kwa heshima zote! Kumbe ni alama ya soko. Nikasoma kibao, nikawaeleza wenzangu kwamba zamani akina mama walikaa kwenye ngazi zile wakiuza siagi na mayai.

Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa mkubwa wetu kanisani, kusikia tu neno soko, akatandika kitenge ngazini akaketi. Saa ya kuondoka ikafika, hainuki. Dereva anapiga honi, mimi nina zamu hospitalini kule Edgbaston, damu inanichemka. Nikaenda kumhimiza.

"Uniache kidogo," akasema. "Siku ya vita, mama yangu alisema tukipotezana, tungojane ku soko. Sikumungojaka. Watu walinivuta mpaka mpakani."

Nikaketi kando yake. Mzee mmoja wa pale, anatembeza mbwa, akatusalimia, akasema soko lenyewe hata babu yake hakuliona. Mama Furaha hakujua Kiingereza, akaniuliza mzungu amesema nini. Nikamwambia amesema tukae tu, hakuna shida. Mungu anisamehe, lakini ningesema nini?

Basi tukakaa, yeye akimtazama kila mwanamke aliyekatiza uwanja. Baadaye akaniuliza kama mama yangu bado eko. Nikamwambia yupo, Kitale, na kila tukiongea ananiuliza nitaenda lini, nami namjibu mwaka ujao, nikishajipanga.

"Anakungoja, na unajua penye eko," akasema. "Sasa unafanya nini hapa?"

Zamu nilichelewa, nikagombezwa, wala sikujali. Mwezi uliofuata nilikuwa Kitale. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama weee. Sasa hayupo, na ninamkosa kila siku ya Mungu. Lakini nilimwona, mwanangu.

Sasa nawe nisikilize. Mama ya baba yako yuko Kakamega, na kila akipiga simu unamwambia mwaka ujao. Acha hiyo. Usingoje mpaka ujipange, wala usihangaike na zawadi, yeye anataka kukuona tu. Kuna watu wangetoa kila walicho nacho wajue tu pa kwenda, na wewe anwani unayo. Nenda.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe salama, na ukibisha hodi, akufungulie yule yule uliyemwendea.